Vitanzi Ishirini na Saba vya Kijani

Tarehe 3 Machi

Kwa binti yangu,

Nakusalimu. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na uvimbe wa mguu wa kushoto umepungua, kwa hiyo usiuulizie tena. Barua yako ilikuwa na makosa matatu. Nimeyatia alama, lakini sikurudishii, maana huna tena mtihani mbele yako.

Umeniomba nikutumie blanketi la marehemu mama yako. Kwa sasa haiwezekani. Liko juu ya kiti chake dirishani kama alivyoliacha siku tulipompeleka hospitali. Ile kulabu yake ndefu ya kufumia bado imo, na juu yake kuna vitanzi ishirini na saba vya uzi wa kijani. Nimevihesabu mara nyingi.

Jumamosi shangazi yako alikuja kufagia. Akasema, "Kaka, hiki kijiti nikichomoe?" Nikamwambia, "Ukikichomoa, utatoka nacho mlangoni na hutarudi." Akasema, "Makubwa! Nimekuja kukufagilia, wewe umekalia nyuzi kama kuku anayeatamia." Hakukichomoa.

Atakuandikia kwamba sikulia mazishini na sijalia mpaka leo. Ni kweli. Nakuambia mapema ili usidhani ni umbeya.

Nieleze, wewe uliyefundishwa naye: kulabu ikitoka, vile vitanzi vinakuwaje? Na safu ile imekamilika au haijakamilika?

Baba yako


Tarehe 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo. Huku kazini ni mashuka tu. Yanatoka kwenye mashine za hoteli, tunayakunja wawili wawili, mmoja huku na mwingine kule, tunakutana katikati, tunaachana. Msimamizi ananiuliza kama naumwa. Siumwi, Baba. Sisikii kitu chochote. Ni kama mkono nilioulalia.

Usiichomoe kulabu. Vitanzi vitafumuka vyote. Hii ni kroshia ya Tunisia, siyo ile ya vitambaa vya makochi. Unapokwenda unaokota vitanzi kimoja kimoja na vyote vinabaki juu ya kulabu, ndiyo maana ni ndefu hivyo. Unaporudi unavishusha. Mama alishaokota vyote ishirini na saba, hakuwahi kuvishusha. Kwa hiyo safu haijakamilika.

Vishushe wewe. Si kazi ngumu. Vuta uzi upite katika kitanzi cha kwanza peke yake, halafu katika viwili viwili, mpaka kibaki kimoja. Hicho unakitia pini, na blanketi linaweza kusafiri. Jifunze kwanza kwa uzi mwingine.

Tena nihesabie rangi zilizokwisha. Kila rangi inaanza na vitanzi viwili pale katikati, inaongeza kimoja kila safu mpaka arobaini, kisha inafuata nyingine. Rangi sita, mara mbili, vipande kumi na viwili, ndipo duara linafunga na rangi zote zinaonekana zinazunguka. Mama alikuwa hapunguzi kitanzi hata mgeni apige hodi.

Mwanao


Tarehe 30 Aprili

Kwa binti yangu,

Nakusalimu. Afya yangu haijabadilika.

Nimejifunza kwa kamba ya kufungia vifurushi na kulabu nyingine ya mama yako. Kipande cha kwanza kilifanana na kiatu. Cha pili shangazi yako alikikuta mezani, akaita jirani: "Njoo umwone mwalimu mkuu mstaafu! Miaka yote amewafukuza watoto wanaochezea nyuzi darasani, leo zamu yake!" Wakacheka sana. Niliwatengenezea chai. Kipande cha tano kimenyooka.

Vile ishirini na saba sijavishusha. Mkono unafika, kisha unarudi mapajani.

Nimehesabu kama ulivyoagiza, mara mbili, na nimeandika. Nyekundu, arobaini. Chungwa, arobaini. Njano, kijani, buluu na zambarau, arobaini kila moja. Nyekundu ya pili, thelathini na nane. Chungwa ya pili, thelathini na tano. Njano ya pili, thelathini na moja. Kijani ya pili ndiyo iliyo juu ya kulabu.

Kwa hiyo ukingo unaingia ndani kidogo kidogo, kama gamba la konokono. Niliuona tangu mwaka jana. Nilidhani ndio mtindo wenyewe.

Baba yako


Tarehe 14 Mei

Baba,

Shikamoo.

Siyo mtindo. Mama alikuwa akiniandikia kila anapomaliza rangi. Ninazo barua zote. Nyekundu ya pili aliimaliza mwezi wa Juni. Tuliambiwa anaumwa mwezi wa Novemba. Miezi mitano, Baba! Mama ambaye alikuwa akihesabu chenji ya duka zima kichwani, anakosea arobaini, na hasemi.

Mlikuwa mkikaa chumba kimoja, kiti kwa kiti. Hukuona chochote?

Fumua zile rangi tatu na hiyo kijani. Rudi mpaka zambarau, uzi bado mzuri, nitazifuma upya nikija. Siwezi kujifunika hicho kitu kikiwa hivyo.

Mwanao


Tarehe 20 Juni

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mwezi umepita sijapata barua. Shangazi ameniandikia kwamba unakula na kwamba redio yako imeharibika. Nilikuandikia vibaya. Hata mimi nilizisoma barua zake na sikuona kitu. Nijibu, hata mistari miwili.

Mwanao


Tarehe 8 Julai

Kwa binti yangu,

Nakusalimu. Ni mzima. Redio haijaharibika. Nimeizima.

Umeuliza kama sikuona chochote. Swali ni halali, nami nilihitaji muda wa kulijibu sawasawa.

Mama yako alihesabu kwa sauti. Unamjua. Moja, mbili, tatu, mpaka arobaini, na akirudi anaanza tena. Miaka yote tulikaa hivyo, yeye na hesabu yake, mimi na taarifa ya habari. Alasiri moja mwezi wa Juni mwaka jana nilishindwa kusikia habari moja, hata siikumbuki ilihusu nini. Nikamwambia, "Hesabu kimoyomoyo. Watu wazima huhesabu kimoyomoyo." Akasema, "Haya, mwalimu." Akacheka kidogo.

Tangu siku hiyo alihesabu kimoyomoyo. Mimi nilisikia habari vizuri.

Sijui kama alianza kukosea kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu nilimnyamazisha. Daktari hawezi kunijibu hilo. Ila kama angeendelea kwa sauti, ningemsikia akiishia thelathini na nane. Ningemsahihisha. Labda ningemtazama. Nimesahihisha watoto wa watu miaka thelathini na miwili, kosa halikunipita. Hili lilikuwa mita moja kutoka sikio langu.

Sifumui. Darasani nilifundisha kwamba kosa hufutwa, na juu yake huandikwa jibu sahihi. Hapa sina cha kuandika juu yake. Zile rangi tatu ndiyo miezi yake mitano. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Blanketi litabaki hivyo.

Nimesema yote. Nilitarajia nikimaliza kuandika nitasikia kitu. Nasikia kalamu tu.

Baba yako


Tarehe 21 Julai

Baba,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako chumba cha mashuka, nimesimama. Mwenzangu alikuwa ameshika ncha zake mbili ananingoja. Akasema, "Vipi, dada, tunakunja au hatukunji?" Nikamwambia tunakunja. Tukakunja.

Usifumue. Nimepata likizo, nafika tarehe 12 Agosti. Kama huwezi kuvishusha, viache, nitavishusha mimi. Sijakukasirikia. Au bado. Sijui, Baba, mkono bado umekufa ganzi.

Mwanao


Tarehe 30 Julai

Kwa binti yangu,

Nakusalimu.

Jana baada ya chakula cha mchana niliketi kwenye kiti chake. Nilikuwa sijawahi kukikalia. Kinaelekea dirishani, kwa hiyo aliyeketi hapo hamwoni anayesikiliza redio, na mwenye redio haoni ila mgongo wake.

Nimevishusha. Nilivihesabu kurudi nyuma kwa sauti, ishirini na saba, ishirini na sita, nikiita kama darasani. Kwenye kumi na tisa uzi uliponyoka, nikaurudisha. Shangazi yako alikuwa mlangoni na ufagio. Nilingoja aniambie ninyamaze. Aliweka ufagio chini, akaketi kizingitini mpaka nilipofika moja.

Kimebaki hicho kimoja. Nimekitia pini. Sasa linaweza kusafiri, lakini silitumi.

Vimebaki vipande viwili, na hiki cha kijani cha kumalizia. Havitafika arobaini, maana vya kabla yake havikufika. Ukija, tutaendelea pale alipoachia. Keti wewe kwenye kiti chake, mimi nitageuza changu.

Na uhesabu kwa sauti. Redio nimempa shangazi yako.

Baba yako