Matoleo Tisa Kabla ya Posa

Jumatatu, 4 Oktoba
Chai, kiporo cha muhogo, kisha mafaili ya ruta. Ruta saba za intaneti ninazozitunza: nne za wateja Manundu, mbili Mkumbara, moja ya hapa nyumbani. Kila ruta ina faili lake la mipangilio, na kila nikibadilisha kitu programu inahifadhi toleo jipya bila kufuta la zamani. Mambo yakiharibika narudisha toleo la juzi, na mwenye nyumba anadhani mimi mganga. Simkatalii.

Kinachoniudhi ni kimoja. Programu haikubali toleo lisilo na maelezo. Inataka niandike nimebadilisha nini. Nani ana muda huo? Mimi naandika maneno ya kanga. Leo ruta ya Mkumbara: "Wema hauozi." Ikapokea.

Jumatano, 6 Oktoba
Mshenga amekuja kutoka Handeni. Wazee wa Rajabu watafika Jumamosi ya tarehe kumi na sita kupokea jibu la posa yake kwa Zuhura, kitinda mimba wangu, aliyebaki peke yake nyumbani. Hii ni mara ya tatu. Mara mbili wamerudi mikono mitupu, kwa sababu kwetu Wazigua mjomba asiposema, hakuna aliyesema. Na mjomba ni kaka yangu Hamisi, dereva wa lori ng'ambo huko Maskati.

Mume wangu amepata dawa. Hamisi atatoa jibu kwenye laptop, uso wake uonekane. Wazee wamekubali. Sauti peke yake hawaitaki, sauti yaweza kuwa ya yeyote. Mshenga akasema kwa adabu zote kwamba safari ya nne haitakuwepo.

Zuhura alisema "sawa" akaenda kuosha vyombo. Mimi Handeni siipendi. Ni mbali, tena ni kukavu. Basi.

Ijumaa, 8 Oktoba
Tumejaribu na Hamisi. Sauti safi. Picha imeganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mume wangu amecheka mpaka kofia ikadondoka. Mimi sikucheka. Siku ya Idd tuliongea naye kwa picha, hata meno tulimhesabu.

Jumamosi, 9 Oktoba
Kosa ni la kampuni ya intaneti. Siku hizi kampuni ni nyingi, kila moja na mnara wake, na hakuna hata moja inayopokea lawama. Nimekwenda kwa wakala, nimesema nikamaliza. Akapima laini mbele yangu. Nzima kabisa. Nimerudi na aibu na kilo mbili za nyanya.

Jumatatu, 11 Oktoba
Kosa ni la Hamisi. Nimemwambia simu yake mbovu. Ameazima ya mwenzake. Ameganda vilevile, safari hii macho yote wazi.

Zimebaki siku tano. Naogopa.

Jumanne, 12 Oktoba
Basi kosa ni la ruta yetu. Nikasema rahisi, narudisha toleo la siku ya Idd. Haikuunganika kabisa. Nikakumbuka kampuni ilibadilisha nywila za mnara mara baada ya Idd. Tangu hapo nina matoleo tisa, na limo moja lililoharibu.

Nikafungua orodha nisome nilibadilisha nini. "Hasidi hana sababu." "Mgeni njoo mwenyeji apone." "Usisafirie nyota ya mwenzio." Tisa yote hivyo. Mafundi wengine wana kumbukumbu, mimi nina duka la kanga. Nikafungua mafaili yenyewe: namba, namba, namba.

Nimejitukana kwa Kizigua. Kiswahili hakikutosha.

Alhamisi, 14 Oktoba
Nilipokuwa fundi wa kampuni ya simu, kabla ya kupunguzwa kazi, waya ukikatika hatukuanzia nguzo ya kwanza. Tulikwenda nguzo ya katikati. Mlio upo? Kosa liko mbele. Haupo? Rudi nyuma. Kwa nini nimechukua siku sita kuukumbuka ufundi wangu mwenyewe? Kiburi.

Hamisi alikuwa na mapumziko mchana. Nikaweka toleo la tano. Akatabasamu, akatikisa kichwa, akapiga mwayo. Mzima! La saba, ameganda. La sita, ameganda.

Toleo la sita: "Mwenye macho haambiwi tazama." Nikalilinganisha na la tano. Limeongezeka agizo moja: mashine yenye namba fulani ipunguziwe kasi. Nikapindua laptop, nikasoma namba iliyobandikwa chini. Ni hiyohiyo.

Nikakumbuka siku yenyewe. Zuhura alikuwa sebuleni anaongea na Rajabu kwa picha, anacheka cheko ambalo mimi sijalisikia tangu awe mdogo. Niliingia chumbani, nikaibana laptop, nikaandika kanga yangu, nikaenda kupika. Nikasahau. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ijumaa, 15 Oktoba
Ningeweza kuliondoa agizo kimyakimya. Nani angejua? Nikamwita Zuhura jikoni nikamwambia.

Alikuwa anajua. Siku ileile, picha ya Rajabu ilipoganda, alijua ni mimi.

"Nilidhani ndilo jibu lako, mama. Nikasema mama hataki, basi yaishe."

Wiki zote hizi. Ndiyo maana ile "sawa" yake ilikuwa baridi. Mtoto alikuwa anajiandaa kukataliwa na mama yake. Nimelia mbele yake, kamasi na yote. Nimemwambia nataka. Naona wivu, naogopa nyumba tupu, lakini nataka. Akanipangusa kwa upande wa kanga yake, akaanza kunicheka.

Nimehifadhi toleo la kumi. Maelezo: "Nimeondoa kikomo cha kasi kwenye laptop. Nilikiweka kwa wivu. Kosa ni langu."

Jumamosi, 16 Oktoba
Wageni kumi na wawili. Laptop juu ya stuli, juu ya kitambaa cha mezani. Hamisi amevaa kanzu, amenyoa, nyuma yake lori. Wazee walimsalimia mmoja mmoja, shikamoo na marahaba mpaka nikahofia umeme. Mzee mmoja alichungulia nyuma ya laptop.

Hamisi hakujibu posa moja kwa moja. Akasema, "Namuuliza kwanza dada yangu. Unaridhia?" Nyumba nzima ikanigeukia. Nikasema naridhia. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Hamisi akasema, "Basi nami nimeridhia."

Vigelegele. Zuhura alikuwa nyuma ya pazia. Cheko lile nimelisikia tena.

Jumapili, 17 Oktoba
Tumekula pilau la jana. Mume wangu amelala mkekani. Upepo kidogo.

Zuhura ameniandikia kwenye karatasi saa za mabasi ya Handeni, yote ya kwenda. Nikamuuliza ya kurudi yako wapi.

"Ya kurudi ya nini, mama? Utalala."