Kwa Kaka Yangu Aliyenipakia Pikipiki

Mpendwa kaka Kamau,

Mama hajaipenda barua hii. Anasema mambo ya nyumbani hayaanikwi kwenye ua wa jirani. Nimemwambia miaka saba ya kunyamaza imetosha, na kwamba sijui ni mlango gani wa kubisha. Tunajua tu uko Mwihoko, kwa sababu binamu yetu alikuona kwenye mjengo mmoja ukibeba mawe, na ulipomwona ukageuza uso. Kutoka Mwihoko hadi kwetu Gatuanyaga si safari ya kuagana na watu, Kamau. Basi naandika wazi, na yeyote anayekujua akusomee.

Nina hamu nawe. Nina hamu na zile asubuhi ulipokuwa ukiunguruma na pikipiki dirishani kwangu, ukidai unaipasha moto, kumbe unataka niamke nikuchemshie chai. Ulikuwa ukila ukoko wa ugali peke yako halafu unamwambia mama ni paka. Hatukuwa na paka. Ulinicheka ninavyotembea, ukasema natembea kama mtu aliyeitwa na chifu.

Siku ile nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimetoka shule, nimepitia kioski cha maji kuchukua mtungi wa mama. Lori la maji lilirudi nyuma bila dereva kuniona, likanibana kwenye nguzo ya geti. Sikulia. Nilihisi tu kwamba kuanzia kiunoni kwenda chini si mimi tena. Wewe na mwenzako mlikuwa hapo karibu kwenye stegi ya boda, mkingoja abiria wa pikipiki, na mlifika kabla vumbi halijatulia. Mlifanya kile ambacho watu wa boda hufanya kwetu mtu akiumia: hawangoji gari ambalo huenda lisije, wanapakia. Mlinikalisha katikati yako na mwenzako, mguu huku na mguu huku, naye akinishikilia kwa nyuma, mkaikata ile barabara ya vumbi hadi hospitali ya Thika.

"Usilale, Shiro," ulikuwa ukisema bila kugeuka. "Niambie watu wa class yenu, vile mnakaa."

Nikakutajia dawati kwa dawati. Nilifika safu ya tatu, nikapotea.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama. Daktari wa mifupa alinifunga shuka kwa nguvu kuzunguka nyonga, kisha akauliza ni nani aliyenipandisha pikipiki. Ukasema ni wewe. Akakuambia nyonga iliyovunjika haipanuliwi, hufungwa hata kwa leso na mtu akalazwa chali, na kwamba kule kukaa miguu wazi njia nzima kulinimwagia damu nyingi ndani. Mama anasema uliangalia mikono yako tu.

Waliniongezea damu, wakaniingiza theatre, wakatoboa mifupa ya nyonga na kuweka vyuma vilivyotokeza mbele ya tumbo, vimeungwa kama mpini wa mkokoteni. Baadaye wakafunga bamba na skrubu kwa ndani. Nililala chali wiki baada ya wiki, mkojo ukipita kwenye mpira, manesi wakinigeuza kama mtoto mchanga. Msichana wa kidato cha pili, na sikuweza hata kujifunika mwenyewe. Hasira ilikuwa nyingi na haikuwa na pa kwenda. Wiki ya tatu ukaja na githeri, mahindi na maharagwe uliyopika mwenyewe, ukasimama mlangoni. Nami nikamwambia mama, kwa sauti ambayo ungeisikia hata ukiwa nje, "Asiingie. Yeye ndiye alinimaliza."

Uliweka bakuli sakafuni, ukaenda. Niliila ile githeri, Kamau. Niliimaliza yote, na ilikuwa imezidi chumvi. Mama aliporudi nyumbani mwisho wa wiki alikuta umehama.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Nisamehe hata hivyo. Kila nikikumbuka ulivyosimama pale naona aibu, na aibu hiyo imenichosha kuliko magongo.

Lakini kuna jambo hukungoja kulisikia. Mwaka uliofuata, kliniki, nilimuuliza yule daktari moja kwa moja kama ni wewe uliyenivunja. Alivua miwani. Akasema lori ndilo lililonivunja, na kwamba nilipofika nilikuwa nimebakiza dakika chache. Mngekaa pale kungoja gari, angepokea maiti.

"Kaka yako alikosea namna," akasema. "Hakukosea kuharakisha."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo nikitafuta wa kumpa. Mpaka leo sijampata.

Natembea, ukitaka kujua. Nachechemea kidogo baridi ya Julai ikija. Nasoma chuo kikuu huko Juja, mwaka wa tatu, na darasa letu liko orofa ya nne. Napanda nikilalamika, lakini napanda. Siku niliyopiga hatua ya kwanza bila gongo, pale uani, mama alipiga magoti akaomba. Mimi nilikuwa nikitazama njia ya kuingilia. Nilitaka uwepo, hata kama ungenicheka.

Jumatano nalazwa tena Thika. Skrubu moja imelegea inanichoma, watanifungua kuitoa. Daktari anasema ni kazi ndogo. Naogopa tu, maana mwili wangu haujaisahau ile theatre. Leo asubuhi nilikuwa najaza fomu, wakaulizia mtu wa karibu, wa kupigiwa simu likitokea lolote. Mama ana presha, alikuwa ameomba lisiwe jina lake. Nikaandika Kamau, nikaandika kaka, nikaandika ile namba yako ya zamani. Nesi akaipiga palepale. Haikupatikana. Akanisogezea kalamu niandike mtu mwingine.

Nilimrudishia kalamu yake. Jina lako ndilo lililobaki kwenye fomu.

Kaa salama huko uliko, Kamau. Washa simu.

Dada yako mdogo,
Shiro