Kaliba ya Kumtosha Mbweha

Alhamisi. Manyunyu ya Thamesmead, yale yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Sina shifti leo. Basi langu linaendeshwa na mtu mwingine, nami nimekaa jikoni na soksi za mume wangu, Baba Neema, miguuni, naitazama bahasha.

Leseni ya bunduki imetoka.

Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza kwa furaha, tatu zilizobaki kutafuta kosa.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni dereva wa basi, na huu ni mwaka wa tatu niko kwenye klabu ya kulenga shabaha. Niliingia kwa udaku, nikabaki kwa sababu ni mahali pekee London ambapo watu wakiambiwa wanyamaze wananyamaza. Jumamosi huwa naenda kwa Bwana Karim, Mhindi wa Mombasa aliyeuza duka lake la vitambaa, akanunua kipande cha shamba pale London inapoishia, akafuga kuku. Namsaidia kuokota mayai, tunasengenya kwa Kiswahili, narudi na trei.

Mbweha alipoingia bandani mara ya tatu, akaua kuku kumi na moja na kula mmoja, Bwana Karim alikaa juu ya ndoo akaniambia, "Mama, waya wa umeme nimeweka. Mbwa nimeazima. Huyu mbweha ananijua kuliko daktari wangu. Ukikosa hiyo leseni, nauza kuku wote kabla ya Pasaka."

Ikabidi nichague kaliba, yaani ukubwa wa risasi. Hapa huombi bunduki hivi hivi. Unataja aina ya risasi, unaeleza kwa nini hiyo na si nyingine. Na ukinyimwa, kule kunyimwa kunakufuata kila utakapoomba tena.

Nakiri, nilianza kwa kiburi. Nilitaka 243, risasi kubwa ya kuwindia kulungu. Wazee wa kanisa nao, ambao hakuna aliyewahi kushika kitu kizito kuliko rimoti, waliniambia nisione haya, nichukue kubwa. Baba Neema alizisoma zile namba kama za mabasi: 243 inaipita 223, ile ndogo yake, kwa hiyo itafika mbali zaidi.

Hakukosea. Itafika mbali. Ndiyo shida yenyewe.

Jumamosi moja nikaenda shambani saa sita mchana, mikono mitupu. Nikasimama kila mahali ambapo ningesimama usiku, nikajiuliza: nikikosa, risasi italala wapi? Nyuma ya banda kuna tuta la udongo, pana, linameza chochote. Upande wa juu kuna ukingo mtupu usio na cha kuzuia risasi, na ng'ambo yake paa za watu na njia ya waenda kwa miguu. Mchana unaviona vyote. Usiku, kwenye darubini inayoonyesha joto la mwili, mbweha anang'aa kama balbu, na zile nyumba za nyuma huzioni kabisa. Miaka kumi na moja kwenye usukani imenifundisha kuogopa kile kilicho nyuma ya kile ninachokitazama.

Hakuna kaliba inayosamehe ukingo ule.

Nikaachana na 243. Nikaachana pia na ile 22 ndogo ya sungura, kwa sababu kutoka ninaposimama hadi tutani ni hatua tisini, na kwa umbali huo ingemjeruhi tu akafie kichakani siku tatu baadaye. Sikuwa naomba leseni ya kutesa. Nikaandika 22 Hornet, risasi ya kizamani, unene wake karibu sawa na ile ya sungura, ila baruti nyuma yake ni nyingi zaidi. Ni kama ndugu wawili wanaofanana, mmoja akaenda shule. Inamtosha mbweha wa hatua tisini, na mlio wake hauwaamshi majirani wote.

Afisa wa leseni akaja nyumbani, mama wa makamo mwenye kalamu mbili. Kwetu mgeni wa serikali haondoki bila kula, na mtu wako lazima umsifu mbele ya mgeni. Kwa hiyo nilikuta meza imejaa chapati na Baba Neema amevaa suti ya harusi. Mgeni akakubali chai tu.

"Huyu mke wangu," Baba Neema akasema kwa Kiingereza chake cha sherehe, "usimwone mpole. Bunduki anayochukua inaangusha nyati."

Kalamu ikasimama.

Neema wetu, ana miaka kumi na sita, akachomoa kisikizio kimoja sikioni. "Baba, hapana," akasema, naye kwa Kiingereza.

"Nyati gani?" afisa akauliza, kwa sauti ya kutaka anwani ya huyo nyati.

Nikawaona kuku wa Bwana Karim wakipakiwa kwenye lori. Sikumkana mume wangu. Nilisogeza sahani ya chapati, nikaweka bakuli la sukari katikati: hili banda. Birika nyuma yake: hili tuta. Ukingo wa meza ni ule ukingo wa juu, na magoti yako, mama, ndizo nyumba za watu. Nikaeleza kwa nini niliikataa kubwa na kwa nini niliikataa ndogo.

Akachukua kijiko, akakilaza ukingoni mwa meza. "Mbweha akisimama hapa?"

"Sipigi."

"Akiwa na kuku mdomoni?"

"Ale. Sipigi."

"Na mwenye shamba yuko kando anakupigia kelele upige?"

"Mimi ni dereva wa basi. Kelele nimezoea."

Hapo ndipo alipochukua chapati.

Leo bahasha inasema 22 Hornet, vile vile nilivyoandika. Nimempigia Bwana Karim. Akasema, "Subiri, usikate." Nikasikia viatu vyake matopeni, mlango wa banda, kisha sauti yake ikiwapa kuku habari.

Baba Neema alitaka kupiga picha leseni, aitume kwenye kundi la kanisa.

"Weka simu chini, Bwana Nyati. Watu hawatangazi bunduki itakayokaa kwenye kabati la chuma."

"Haya, mama. Nimenyamaza. Lakini wewe pia ulipendeza ile siku, si suti yangu tu."

Nimecheka peke yangu hadi chai ikapoa. Mabega yameshuka, sikujua kwamba tangu nilipoomba Septemba nilikuwa nayabeba karibu na masikio.

Umebaki usiku wa kwanza. Nitakwenda na chupa ya chai na koti la Baba Neema. Mbweha yule si mjinga. Najua atapita wapi: ukingoni, taratibu, kuku mdomoni, paa za watu nyuma yake.

Nitaweza kusema "sipigi" pale ambapo hakuna mwenye kalamu?