Zile A Zimewekwa Pembeni

Tamika, acha unachofanya usome hii. Nimetoka sasa hivi kwa Halvorsen, yule mshauri wa chuo. Bado niko garini.

Si unakumbuka aliniambia nisome uzamili jioni ili ule wastani wangu wa alama wa 2.9 wa shahada ya kwanza uongezeke, nipate shule ya udaktari wa tiba? Nikaacha kwaya. Nikaacha ibada za Jumatano. Nikapata A tupu!

Leo maombi yangu ya kujiunga yamerudi yakiwa yamehakikiwa. Wastani wa shahada ya kwanza: 2.9. Haujasogea! Zile A zimewekwa pembeni, kwenye mstari wa uzamili peke yake. Hazichanganywi kamwe.

Nikamwendea. Unajua alisema nini? "Kwani hukujua, Loretta?"

KWANI HUKUJUA!

Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyenituma huko!"

"Aa, ungechukua masomo ya ngazi ya shahada ya kwanza. Hayo ndiyo yangeupandisha." Anasema huku anatafuna donati, sukari imejaa kwenye tai.

Mshauri huyo! Hata muuza donati anakuuliza kwanza unataka ipi.

Halafu akanisukumia kipeperushi cha shahada nyingine ya uzamili. Nyingine, Tamika! Nikakiacha palepale mezani.

Nimejaribu kumwombea hapa garini, nikajikuta namshtaki kwa Bwana. Atanisamehe kesho.

Nimeshajiandikisha kemia ya shahada ya kwanza, Jumanne jioni, pamoja na vitoto vilivyomaliza sekondari juzi. Cheka ukimaliza, kisha uniombee.