Alasiri Mashine Yako Ilipoacha Kusalimu

Marwa,

Ulizoea kunicheka kwamba hata tanzia naiandika kwa kuanza na nani, wapi na ilikuwaje. Vumilia, mura, ndugu yangu, sijui njia nyingine. Nani: binti yako Robi. Wapi: njia ya kutoka shule hadi kwa bibi yake, ile inayopita kando ya korongo. Ilikuwaje: tembo walivuka mapema, na mashine yako ikafa.

Nitakueleza kwa mpangilio. Usiruke mbele kama ulivyokuwa ukiruka habari zangu.

Tangu tukuzike kule Nyanungu, mambo kadhaa yamebadilika. Mama Robi amehamia na mtoto upande huu wa Serengeti, kwa mama yake, pale shamba la mtama linapopakana na pori. Kiti chako ofisini Mugumu anakalia Ghati, binti kutoka Gorong'a aliyesomea kompyuta Mwanza. Siku ya kwanza aliniuliza kama kuna mtu anakataza. Nikamwambia kiti ni kiti. Hata hivyo alikaa siku nyingi kwenye benchi la wageni, kompyuta ameiweka mapajani.

Tovuti ni ile ile: habari za wilaya, matangazo ya misiba, na ukurasa wa tembo uliouanzisha wewe. Huo sasa unasomwa na vijiji vingi kuliko ulivyoviacha. Askari wa wanyamapori wa kijiji anatuma ujumbe, Ghati anabadilisha neno moja, na kila mwenye simu anaona njia ipi iko wazi na ipi imefungwa. Walimu wakuu hawaruhusu watoto kwenda nyumbani kabla ya kuufungua. Ndivyo ulivyotaka, na ndivyo ilivyo.

Tatizo lilianza polepole. Kila baada ya siku chache seva, ile mashine yako inayobeba tovuti, ilikuwa nzito, kisha inakufa, Ghati anaiwasha, inapona. Alisema memori inavuja: mashine inachukua nafasi ya kufanyia kazi na hairudishi. Alipekua alipopekua, hakuona pa kushika. Mimi nikakumbuka kwamba wewe kila asubuhi, kabla ya chai, ulikuwa unaizima na kuiwasha. Tukikuuliza unasema, "Na yenyewe inaoga." Tulicheka miaka yote. Hakuna aliyeuliza swali la pili, na mimi kazi yangu ni swali la pili. Ulipoondoka, hakuna aliyeiogesha.

Sasa siku yenyewe. Alasiri, mtama umeanza kuiva, jua bado kali. Askari akatuma ujumbe: kundi limevuka korongo, lina ndama, limesimama kati yake na njia ya shule. Yeye yuko upande wa pili, hawezi kupita. Ghati akabadilisha neno. Njia ya korongoni: imefungwa. Watu wa vijiji vyote wakaufungua ukurasa kwa mpigo mmoja kuona kama ni upande wao, na seva ikaanguka kabla hata ya mtu mmoja kulisoma lile neno.

Unajua simu zinavyofanya ukurasa usipojibu. Zinaonyesha ule wa mwisho ziliouona. Na ule wa mwisho ulisema wazi.

Tulianza kupiga simu. Shule ya kwanza ikapokea, ya pili ikapokea. Ya Robi haikupatikana. Unaifahamu ilivyo bondeni, mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kula. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Nilishusha majina kwenye simu kutafuta mtu mwingine wa kunisaidia, na kidole kikasimama kwenye jina lako. Kilisimama muda. Sina la zaidi la kusema juu ya hilo.

Mama Robi akapiga yeye. Hakunisalimia. "Shemeji, mtama unavunjwa huku chini nausikia. Watoto wameruhusiwa?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Wewe ndiye wa kujua." Akakata.

Ghati aliwasha seva. Ikasimama kwa muda wa kumeza maji, watu wakaingia, memori ikajaa, ikaanguka. Akaondoa picha zote, akidhani picha ndizo nzito. Ikaanguka. Akafunga habari, akafunga misiba, akaacha ukurasa wa tembo peke yake. Ikaanguka. Nikamuuliza swali ninalowauliza polisi: nani anaingia na hatoki?

Akakumbuka kitu. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, alikuwa amechukua nakala ya kila kilichokuwa ndani ya memori. Ndivyo walivyomfundisha: usizime kabla hujapiga picha ya maiti. Samahani, ndivyo alivyosema. Akaifungua nakala ile, tukaanza kuisoma pamoja.

Zilikuwa salamu, Marwa. Maelfu ya salamu.

Shikamoo Mzee Nyamhanga, tuliachana jana saa moja jioni. Chini yake ukurasa mzima wa tembo. Shikamoo Mzee Nyamhanga, tuliachana leo saa tatu asubuhi. Chini yake ukurasa mzima tena. Mambo vipi Chacha, tuliachana muda si mrefu. Ukurasa mzima. Mama huyu, mzee yule, mtoto yule, kila mmoja na salamu yake, na kila salamu na ukurasa wake kamili umehifadhiwa.

Ghati alinieleza kama anavyoelezwa mwandishi wa habari, yaani mara mbili. Mashine ina kiolezo, ukurasa wenye nafasi tupu za kujazwa. Ikikutana na kiolezo kipya inakisoma, inajifunza, inakikariri, ili kesho isijifunze tena. Kingekuwa kimoja kwa watu wote, ingekariri kimoja. Wewe hukuiacha nafasi tupu ya salamu. Uliiandika salamu ndani ya kiolezo chenyewe kwanza, jina na saa ya kuachana, ndipo ukaikabidhi mashine. Kwake kila msomaji alikuwa kiolezo kipya. Ikakariri watu wote. Haikumsahau hata mmoja, mpaka ikakosa pa kusimama.

Mimi nilijua salamu hiyo ilikotoka. Ghati hakuwepo wakati ule. Ukurasa wako wa kwanza kabisa uliandika juu, "Habari, Nyamhanga." Mzee akaja ofisini na fimbo yake, akakataa kukaa. "Huyu mtoto wenu aliye ndani ya simu amezaliwa na nani? Ananiita Nyamhanga, kama tulichunga wote!" Mimi nilicheka. Wewe hukucheka. Ulisimama, ukamwita baba kwa lugha yetu: "Utusamehe, tata. Bado hajafunzwa." Wiki ile ukaamua mashine ihesabiwe rika la vijana waliotoka jandoni msimu ule, na ikae hapo hapo, isizeeke. Walioizidi umri iwaamkie shikamoo. Wa rika lake iwaambie mambo vipi. Watoto iwaulize hujambo. Kisha ukaongeza ile ya kuachana, kwa sababu ulisema mtu hawezi kusalimiwa mara mbili kwa siku kama vile hamkuonana. Mzee Nyamhanga akarudi kukupa mkono. "Sasa amelelewa."

Hukuandika popote kwamba adabu hiyo inakula memori. Uliona, ukaizungukia kwa kuizima kila asubuhi, ukanyamaza. Nakuambia bila haya kwa sababu na wewe ungeniambia hivyo hivyo.

Katikati ya nakala ile Ghati akaweka kidole kwenye kioo. Shikamoo Mwalimu Wambura, tuliachana jana alasiri. Ndiye mwalimu mkuu wa kina Robi. Chini yake: njia ya korongoni, wazi. Alikuwa ameufungua muda mfupi kabla ya ujumbe wa askari, mtandao ulipompitia. Kwa hiyo sasa nilikuwa na jibu la Mama Robi. Watoto wameruhusiwa.

Ghati akasema, "Mzee, kuna njia mbili. Niitenganishe salamu na kiolezo kama inavyotakiwa, lakini lazima nijaribu kwanza, nikikosea ukurasa haufunguki kabisa. Au niikate."

"Ikate."

"Wazee watatutukana."

"Watutukane wakiwa hai."

Akaikata. Ulikuwa mstari mmoja tu wa maagizo. Akawasha. Watu wakaingia, memori ikapanda, ikafika mahali, ikasimama. Tuliitazama kama mtu anavyotazama sufuria ya uji karibu na kufurika. Haikufurika. Kwa mara ya kwanza tangu uijenge, mashine yako iliwapokea watu bila kumwamkia yeyote. Ilisema tu: imefungwa.

Nikapiga shuleni. Haipatikani.

Halafu simu yangu ikaita, na ilikuwa namba ya Mwalimu Wambura. Hakuuliza hali.

"Nyie, huu ukurasa ni wenu au tumeingiliwa na matapeli?"

"Mwalimu, uko wapi?"

"Nauliza! Umefunguka haumsalimu mtu. Umeniandikia tu imefungwa, kama karani wa mahakama. Muda si mrefu ulikuwa na adabu zake. Nimesema siwezi kuamini kitu kisichonisalimia, ngoja niwapigie wenyewe."

"Ni wetu. Uko wapi na watoto?"

"Niko kilimani, ndipo simu imeshika mtandao. Tunateremka."

"Msiteremke."

Nyuma yake nilisikia watoto wanaimba. Nikamwambia waache kuimba. Hakuniuliza kwa nini. Nilisikia anageuka, nguo inasugua simu, kisha sauti yake ikarudi ikiwa ndogo sana. "Nawaona. Migongo tu, juu ya mtama." Kisha akawaambia watoto, kwa sauti ile ile ndogo, "Kaeni chini. Robi, mshike huyo mdogo." Simu ikakatika.

Nimeripoti mapigano ya koo na mashimo ya dhahabu yaliyofukia watu. Najua kungoja. Huko hakukuwa kungoja ninakokujua. Ghati alitaka kuzungumza, nikamwinulia mkono. Hatukugusa simu, tukiogopa kumpigia ikalia mikononi mwake pale kilimani. Mama Robi alipiga, nikapokea, nikamwambia nilichokijua na si zaidi: wako kilimani, mwalimu yuko nao, tembo wako chini, upepo sijui unavumia wapi. Yeye akatoka nje, akatazama majani ya mgomba, akarudi kwenye simu. "Unakuja huku kwetu." Yaani ulitoka kwa watoto kwenda kwa tembo, ukibeba harufu yao. Niliandika hilo kwenye kiganja. Sijui kwa nini. Hakuna aliyetakiwa kulisoma.

Alichoniambia mwalimu baadaye ni hiki. Jike moja liliinua mkonga, likaelekea kilimani, likasimama. Watoto walirudi nyuma kwa kukaa, wakijivuta kwa makalio, mpaka kilima kikawaficha. Ndipo wakainuka na kurudi shule, mwalimu akiwa wa mwisho. Binti yako alimbeba mtoto wa darasa la kwanza mgongoni na hakumshusha mpaka walipoingia darasani. Jioni askari wakawasindikiza na gari. Robi akamkuta mama yake amesimama barabarani na kanga mkononi, hakukumbuka kujifunga. Mtama wa bibi umelazwa upande mmoja. Hicho ndicho kilichopotea.

Ningekuwa mwanafunzi wangu mwenyewe ningejiambia: usihitimishe zaidi ya ulichokiona. Nilichokiona ni kwamba mashine ilikaribia kuwaua kwa sababu ya salamu, na mwalimu alitupigia kwa sababu salamu haikuwepo. Asingekuwa amezoeshwa na wewe, angesoma neno lile bila kupiga, labda angegeuka, labda angesema hawa jamaa wamechanganya. Sijui. Naliacha hapo.

Kesho yake Mzee Nyamhanga alifika kabla hatujafungua mlango. "Nasikia mtoto wenu ameacha kuamkia watu. Amelewa?" Ghati akamwamkia, akamkalisha, akamweleza kila kitu. Mzee akasema, "Moto ukiwaka, hata mkwe hasalimiwi. Lakini moto umezimika."

Basi Ghati ameifanya inavyostahili. Kiolezo ni kimoja kwa watu wote, kina nafasi tupu juu, na salamu inaingia baadaye, ikisomwa inaondoka. Tumeijaribu kwa kuviomba vijiji vyote vifungue pamoja. Memori ilipanda, ikashuka. Ameandika pia sababu ya kila kitu, kwa Kiswahili, ili atakayemfuata asikute vichekesho pekee. Na njia yoyote ikifungwa, neno hilo linatangulia juu kabisa, shikamoo inafuata chini yake. Wazee wamekubali. Kulikuwa na kikao, kilikuwa kirefu, sitakuchosha.

Robi hajarudia kuimba njiani. Anatembea wa mwisho, anageuka nyuma. Mama yake anasema itapita. Mimi nimemwona mara mbili na sijui.

Lala, mura. Nyanungu mvua imeshanyesha na majani yamefunika udongo uliokuwa mwekundu. Ahadi yangu ni moja. Ile mashine bado ni rika la wale vijana wa jandoni, na sasa inamuuliza mwanao hujambo. Tutaitunza, mimi nikiweza, Ghati nikishindwa, mpaka Robi aizidi umri, aifungue asubuhi moja aone njia iko wazi, na chini yake yeye ndiye anayeamkiwa.

Mwandishi wako