Mbao Zilizokaliwa Msibani

Baba,

Shikamoo. Leo Jumatano nimetoka nje kuangalia mawingu upande wa kilima cha Wazo kabla hata ya kupiga mswaki. Hayajakusanyika. Mama ananiuliza nina nini siku hizi, mbona situlii. Namjibu ni ujenzi tu.

Si ujenzi tu. Ninachomficha yeye nakuambia wewe.

Zile mbao za paini ulizonunua Tegeta, za kutandika juu ya kenchi chini ya bati, ili kelele za mvua zisimzidishie mama maumivu yake ya kichwa, mie ndiye niliyeziharibu. Siku ya msiba wako wanaume walijaa uani, viti havikutosha. Nikasema, "Chukueni zile mbao, ziwekeni juu ya matofali, watu wakae." Walizikalia siku tatu. Turubai lilipoondolewa, zikarundikwa ukutani bila vile vijiti ulivyokuwa ukipanga kati ya ubao na ubao ili zipate hewa. Zikanyeshewa, kisha zikapigwa jua upande mmoja. Mie nilikuwa ndani. Hata daftari langu la kila siku halina mstari kwa wiki mbili zile.

Unajua nilivyo. Wiki iliyopita nilizipa namba kwa chaki, moja hadi thelathini na mbili. Nikafumba jicho moja, nikatazama kila ubao kwa urefu wake, kama ulivyofanya siku ile kule Tegeta mpaka muuza mbao akakutania, "Mzee, unachagua mbao au mchumba?" Ukamjibu, "Mchumba akipinda wazee watatusuluhisha. Huu ukipinda nitaupeleka kwa nani?" Siku ile nilicheka hadi nikakaa chini. Safari hii sikucheka, Baba. Kumi na moja zimepinda.

Fundi Shomari, aliyepandisha kenchi ulipokuwa hai, alizitazama akaguna. "Sista, ubao uliopinda una kiburi. Unang'oa msumari, unanyanyua na bati. Achana nazo zote, nikutandikie plaiwudi, siku mbili nimemaliza." Plaiwudi imenyooka, sikatai. Lakini mama kila asubuhi akipita pale huzishika mbao, husema, "Baba yako kaniachia cha kujifunika." Ningezitupaje? Na ningemlazaje chini ya ubao utakaofungua bati masika yakianza?

Nikakumbuka ulivyounyoosha mlango wa banda la kuku. Nikazilaza zile kumi na moja kwenye mchanga uliolowa, upande uliobonyea chini, mgongo juani. Nilizigeuza, nikazipima kwa uzi, nikaandika. Asubuhi, mchana, jioni. Mama akasema ninazihudumia kama wagonjwa.

Saba zilirudi. Nne zilikataa.

Jana niliamua. Ishirini na moja ambazo hazikupinda kabisa zitakuwa juu ya chumba cha mama. Zile saba, ukumbini. Zile nne nimemwambia Shomari azikate vipande vifupi, kenchi hadi kenchi, maana kipande kifupi hakina nguvu ya kushindana na msumari. Zitakaa juu ya kitanda changu. Kwingine kote aweke plaiwudi yake. Akacheka: "Haya bwana, zikinyanyuka usinitafute." Sitamtafuta.

Sijui kama nimechagua sawa. Ungekuwepo ungefumba jicho moja, ukaniambia kwa neno moja tu. Nimesubiri neno hilo tangu jana.

Kesho, kabla Shomari hajapiga msumari wa kwanza, nitamwambia mama ni nani aliyezitoa mbao zile zikaliwe. Nakuahidi. Na mvua ya kwanza ikinyesha nitakaa chini ya zile nne, nisikilize. Msumari ukilia, nitapanda mwenyewe.

Pumzika, Baba, paa niachie mie. Mama atakuwa pakavu. Pakivuja, pavujie kwangu.

Mwanao,
Zuhura