Masaa Matatu ya Kaka Adelard

Peking, 20 Novemba 1972

Mdogo wangu Koku,

Salamu nyingi. Mie mzima, ila baridi ya huku inauma masikio. Kifua cha baba kinaendeleaje?

Kesho tunaanza masomo ya reli. Leo nikusimulie kipande cha safari, kutoka Karachi mpaka hapa. Ni karibu kilomita elfu tano, yaani uende Bukoba, urudi Dar, uende tena, na bado hujafika. Tuliruka saa mbili asubuhi. Chini yetu ilipita milima ya theluji, isiyokwisha, mpaka nikasahau chakula mbele yangu. Tulipotua, saa ya mkononi aliyonipa baba, niliyoiweka sawa na ya Karachi, ilisema saa kumi jioni. Nje kulikuwa giza, na saa ya ukutani ilisema saa moja usiku. Masaa matatu sijui yamekwenda wapi.

Kaka yako,
Adelard

Keko, 14 Januari 1973

Kaka Adelard,

Shikamoo. Hatujambo, na kifua cha baba kimetulia. Barua yako nilimsomea karakanani, akipiga randa. Nilipofika kwenye yale masaa aliacha kazi. Mwinjuma, jirani yetu mshona makochi, akasema, "Gozbert, Wachina wamemkata mwanao masaa kama kitambaa." Tulicheka wote isipokuwa baba.

Kaka, nimechaguliwa kusomea uuguzi huko huko Peking. Baba anatakiwa atie sahihi kabla ya Pasaka. Anasema, "Mmoja ameshapunguziwa siku. Wa pili simtoi." Unanijua, nilikaa kimya. Lakini nataka sana kuiona hiyo milima. Tafadhali mwandikie wewe.

Mdogo wako,
Koku

Peking, 11 Februari 1973

Mdogo wangu Koku,

Hongera, na nimefurahi kusikia baba anapumua vizuri.

Mwalimu wetu amenieleza. Dunia inazunguka, na jua linafika Peking kabla ya Karachi, Karachi kabla ya Keko. Tuliruka kuelekea linakotoka, ndiyo maana mchana ukawa mfupi. Nikirudi utarefuka. Hakuna kilichopotea. Nyie mkila cha jioni, mie nimeshalala. Hilo bado linanishangaza.

Sitamwandikia baba. Mweleze wewe kwa mdomo wako, maana huku hutakuwa na wa kukusemea.

Kaka yako,
Adelard

Karachi, 2 Mei 1973

Kaka Adelard,

Shikamoo. Mimi mzima, nimefika Karachi salama.

Nilikaa na barua yako siku nyingi. Kisha jioni moja nilichukua tufe la mti, lile la urembo wa kitanda alilokereza baba, nikapigilia visumari viwili, Karachi na Peking. Nikalizungusha taratibu mbele ya koroboi, nikiwaeleza baba na Mwinjuma. Peking ikapata mwanga kwanza.

"Kumbe Koku ana sauti," Mwinjuma akasema.

Baba alilichukua, akalizungusha mwenyewe, tena na tena. "Na mtu akirudi?"

"Akirudi anarudishiwa yote matatu, baba."

Akatoa penseli yake ya useremala sikioni. Ilibidi nimwambie sahihi ni ya wino.

Kesho naruka. Barua hii itafika baada yangu, tutaisoma pamoja. Tufe ninalo, baba alinipa kwenye kuagana, limefungwa gazetini. Nimelifungua leo. Karachi na Peking bado ni visumari vyangu. Keko ameiweka yeye, kwa msumari mnene wa kufungia miguu ya kitanda.

Mdogo wako,
Koku